Bakshishi ya mlimani: Haki ya mpagazi isiishie mfukoni mwa mwingine

Na Mwandishi Wetu

WAFANYABIASHARA wengi wanaovuka mipaka ya ukanda huu wanaujua Mlima Kilimanjaro kwa kuutazama tu. Anayetoka Taveta kwenda Holili huuona asubuhi kabla mawingu hayajaufunika. Aliyeko Loitokitok au Tarakea huuona karibu zaidi, kana kwamba umesimama nyuma ya soko. Lakini wapo wasioishia kuutazama. Vikundi vya akiba, wanakwaya, watu waliosoma pamoja na wafanyabiashara wa soko moja hujichanga wakapanda, hasa karibu na Desemba 9, siku ya Uhuru wa Tanzania Bara.

Safari hizo huandaliwa vizuri. Watu hununua viatu na makoti ya mitumba, hufanya mazoezi, na hulinganisha bei za kampuni kama wanavyolinganisha bei za mahindi. Jambo moja huachwa hadi siku ya mwisho, watu wakiwa wamechoka, magoti yanauma na basi linasubiri getini: bakshishi ya waliobeba mizigo, waliopika na walioongoza njia. Hapo ndipo maswali huanza. Ni lazima? Ni kiasi gani? Apewe nani? Kwa nini tutoe ilhali kampuni tumeshailipa?

Makala haya yanajibu maswali hayo kwa mtu anayejua hesabu ya faida na hasara. Pesa inayotolewa vibaya mlimani inaweza isimfikie kabisa aliyebeba mzigo wako, na wewe ukarudi nyumbani ukiamini umemtendea haki.

Msafara una watu wangapi?

Kilimanjaro, wenye urefu wa mita 5,895, haupandwi bila mwongozaji mwenye leseni ya hifadhi. Mgeni mmoja kwa kawaida huwa na wapagazi watatu hivi, wakati mwingine wanne, kwa sababu kinachobebwa ni kingi kuliko begi lake. Kuna mahema, vyakula vya siku sita au saba, mitungi ya gesi, vyombo, meza, viti na mara nyingi hata choo cha kuhamishika. Kundi la wageni wanne kwenye njia ya Machame, kwa mfano, linaweza kuwa na mwongozaji mkuu mmoja, wasaidizi wake wawili, mpishi mmoja na wapagazi 12. Hao ni watu 16 wanaohudumia watu wanne.

Wapagazi wenyewe huitana "wagumu", na jina hilo si utani mtupu. Mgeni anapoamka na kunywa chai, wao wanakunja mahema. Mgeni akianza kutembea taratibu, wao humpita na mzigo kichwani au mgongoni ili wafike kambini kabla yake, wasimamishe mahema na kuchota maji. Baridi inayomtesa mgeni usiku ndiyo hiyo hiyo inayomtesa mpagazi, na mara nyingi mpagazi ana koti jembamba zaidi. Wamewahi kufa wapagazi mlimani kwa baridi na kwa maradhi ya mwinuko mkubwa.

Sheria za hifadhi zimeweka kikomo cha kilo 20 kwa mzigo wa msafara ambao mpagazi mmoja anaruhusiwa kubeba, mbali na vitu vyake binafsi. Ndiyo maana getini kuna mizani. Kazi yenyewe ni ya zamani katika eneo letu. Karne ya 19, Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka bara hadi Bagamoyo, mzigo wa kilo 30 hivi kwa mtu, wakilipwa kwa nguo na kupewa posho ya chakula. Hata wakati huo mpagazi alijua tofauti kati ya ujira aliokubaliana nao na zawadi ya tajiri mwisho wa safari.

Mshahara mdogo, msimu mfupi

Wadau wa utalii nchini Tanzania walishakubaliana kiwango cha chini cha shilingi 20,000 za Tanzania kwa siku kwa mpagazi wa Kilimanjaro. Zipo kampuni zinazolipa kiasi hicho au zaidi, na zipo zinazolipa pungufu. Tatizo si kiwango peke yake. Mpagazi hana mshahara wa mwezi. Hulipwa kwa safari. Msimu mzuri ni kati ya Januari na Machi mwanzoni, kisha kati ya Juni na Oktoba. Masika yakianza, wengi hurudi shambani au hutafuta vibarua. Na hata katika msimu mzuri, safari ya siku saba humwacha akiwa amechoka, akisubiri zamu nyingine ambayo hajui itakuja lini.

Kwa hiyo bakshishi, ambayo mlimani huitwa "tipu", si pipi ya juu ya mshahara. Kwa wengi ndiyo nusu ya kipato, na pengine zaidi. Ndiyo inayolipa ada ya shule na mbolea. Ndiyo pia inayoingia sokoni Kiboriloni, Memorial, Marangu na Tarakea, kununua unga, viatu na nguo ambazo wafanyabiashara wenye kusoma gazeti hili wamezivusha mpaka.

"Tumeshalipa kampuni"

Hoja hii ina mantiki, na mtu asichekwe kwa kuitoa. Katika maduka yetu mteja akishalipa bei, amemaliza. Lakini hebu tuangalie bei ya safari ya mlimani inajengwaje.

Sehemu kubwa ya fedha ni ada za hifadhi: kuingia, kupiga kambi na uokoaji. Ada hizo hupangwa na Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania, TANAPA. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kidogo kuliko wageni kutoka mbali, lakini hakuna kampuni inayoweza kujadiliana na serikali ipunguziwe. Kisha kuna usafiri, na bei ya dizeli inajulikana. Kuna chakula, na bei ya soko inajulikana. Baada ya hapo kinachobaki ni faida ya kampuni na mishahara ya watu.

Sasa mteja mwenye ujuzi wa kupatana anapokuja na kusema, "Punguza, kampuni ya jirani imenipa bei nafuu," punguzo hilo litoke wapi? Ada haikatiki. Dizeli haikatiki. Mwenye kampuni anaweza kupunguza faida yake, lakini njia rahisi zaidi ni kupunguza idadi ya wapagazi, ili kila mmoja abebe zaidi, au kupunguza wanacholipwa. Kisha kampuni humwambia mpagazi: "Utapata kwa wageni." Bakshishi inakuwa imegeuzwa mshahara bila mgeni kujua, na mgeni naye anashuka akiamini mshahara umelipwa kikamilifu.

Ndiyo maana swali la kwanza kwa kampuni lisiwe bei. Liulize inamlipa mpagazi kiasi gani kwa siku, na inamlipa lini. Kampuni iliyo safi hujibu bila kusita. Mjini Moshi kuna mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, unaojulikana kwa kifupi KPAP, ulioanza mwaka 2003. Mradi huo huwaazima wapagazi nguo za baridi bila malipo na hufuatilia namna kampuni washirika wake zinavyolipa, zinavyolisha na zinavyolaza wafanyakazi wao mlimani. Kuuliza kama kampuni ni mshirika wa mradi huo ni njia fupi ya kujua unashughulika na nani.

"Sisi si Wazungu"

Hii ni hoja ya pili, na ndiyo inayotugusa zaidi. Wapo wanaoamini kwamba bakshishi ni desturi ya watalii wa Ulaya na Marekani, na kwamba Mkenya, Mganda au Mnyarwanda akipanda anapanda kama ndugu, hivyo "asante sana" inatosha.

Ni kweli kwamba kipato chetu si sawa na cha mtalii aliyeruka bahari. Lakini begi la Mganda halina uzito mdogo kuliko la Mjerumani. Hema lake ni lile lile, na maji anayopikiwa huchotwa umbali ule ule. Mpagazi aliyepangwa kwenye kundi la Waafrika Mashariki amekosa siku hizo nafasi ya kwenda na kundi jingine. Wageni wake wakishuka bila kumpa kitu, undugu huo ameulipia yeye.

Na sisi tunaijua kazi hii kuliko mtalii yeyote. Mfanyabiashara wa mpakani hutumia vibarua kila siku: wapakiaji, wasukuma mikokoteni na wale wanaovusha magunia kwa baiskeli za magurudumu matatu. Anajua kwamba anayembana sana mbeba mzigo huishia kupata mzigo uliolowa au ulioachwa njiani.

Kama bajeti ni ndogo, kuna njia ya haki zaidi kuliko kukata bakshishi. Kubalianeni mapema kupunguza mizigo: acheni viti vya kukunja, acheni mabegi makubwa, kila mtu abebe maji na koti lake. Mahitaji yakipungua, wapagazi wanaohitajika hupungua, na kila mmoja hupata stahiki yake kamili.

Hesabu yenyewe

Viwango vinavyotajwa mara nyingi Kilimanjaro huhesabiwa kwa dola za Marekani, kwa mfanyakazi mmoja kwa siku moja: mwongozaji mkuu dola 20 hadi 25, mwongozaji msaidizi dola 15 hadi 20, mpishi dola 12 hadi 15, na mpagazi dola 8 hadi 10. Kuna jambo ambalo huwachanganya wengi hapa. Kiasi hicho hutolewa na kundi zima kwa pamoja. Si kwamba kila mgeni ampe kila mpagazi dola 10 kwa siku.

Turudi kwenye kundi letu la wageni wanne kwa siku saba. Mwongozaji mkuu kwa dola 20 kwa siku anapata dola 140. Wasaidizi wawili kwa dola 15 kila mmoja wanapata jumla ya dola 210. Mpishi kwa dola 15 anapata dola 105. Wapagazi 12 kwa dola 10 wanapata dola 840, yaani dola 70 kila mmoja. Jumla ni dola 1,295. Ukigawa kwa wageni wanne, kila mmoja anatoa karibu dola 324.

Si fedha ndogo. Ndiyo sababu isiachwe hadi siku ya mwisho. Kikundi kinachoweka akiba kwa miezi tisa kinaweza kutenga dola 36 kwa kila mtu kila mwezi na fungu hilo likatimia. Liandikwe kwenye daftari kama gharama ya safari, sambamba na nauli, lisiwe kitu cha kutazamia kwenye chenji zitakazobaki. Anayeshuka akiwa na dola 15 mfukoni hana uamuzi wa kufanya tena. Hali yake imeshaamua.

Kundi likiwa dogo, gharama kwa kila mtu huongezeka, maana mwongozaji na mpishi ni wale wale. Kundi la watu wanane hugawana mzigo huo vizuri zaidi.

Pesa hupotelea wapi?

Tuseme kundi limetoa dola zote 1,295. Bado safari haijaisha. Njia iliyozoeleka ni kuweka fedha zote kwenye bahasha moja na kumkabidhi mwongozaji mkuu "awagawie wenzake". Waongozaji wengi ni waaminifu, lakini utaratibu huo unamweka mtu mmoja mbele ya fedha nyingi bila shahidi. Mpagazi hajui kilichotolewa, na hawezi kuuliza, kwa sababu mwongozaji huyo huyo ndiye atakayemchagua au kumwacha katika safari ijayo.

Mwanya wa pili ni wapagazi hewa. Kwenye orodha kuna majina 12, lakini mlimani wako kumi, na mizigo ya wawili wasiokuwepo imegawanywa kwa wengine baada ya kupita mizani ya getini. Bakshishi ya majina hayo mawili huishia mfukoni mwa mtu.

Wa tatu ni wapagazi wanaoteremshwa mapema. Chakula kinapopungua, mizigo hupungua, na baadhi hurudishwa chini siku ya tatu au ya nne. Hao walifanya kazi wakati mzigo ulikuwa mzito kuliko siku zote, lakini bakshishi inapogawiwa hawapo, na mara nyingi husahaulika.

Wa nne ni ofisi inayosema "leteni kwetu, tutawapa." Pengine watapewa. Lakini wewe hutaona, na wao hawatajua ulitoa ngapi.

Namna ya kutoa

Dawa ya yote haya haihitaji ugomvi wala tuhuma. Inahitaji utaratibu ambao mfanyabiashara yeyote anaufahamu: orodha, hesabu na shahidi.

Siku ya kwanza, kabla ya kuanza kupanda, mwombe mwongozaji mkuu awatambulishe wote. Andikeni jina la kila mmoja na kazi yake, kisha hesabuni. Ombi hilo hutolewa kwa heshima: "Tungependa kuwafahamu ndugu zetu wote tutakaosafiri nao." Hakuna mwongozaji mwema atakayekataa. Hesabuni tena kambini siku ya pili. Mtu akiteremshwa mapema, wekeni alama kwenye jina lake na kumwekea fungu la siku alizofanya kazi.

Wakati wa kutoa ni asubuhi ya siku ya mwisho kambini, au getini mnapomaliza, kabla watu hawajatawanyika. Kundi zima liwepo. Mmoja wenu asimame, ashukuru, kisha ataje kwa sauti, na kwa Kiswahili, kila kada imepewa kiasi gani: mwongozaji mkuu hiki, wasaidizi hiki, mpishi hiki, kila mpagazi hiki. Hapa Waafrika Mashariki tuna faida ambayo mtalii wa mbali hana. Hatuhitaji mkalimani, na maneno yetu hayawezi kubadilishwa njiani. Kisha kila mtu aitwe kwa jina na kupewa bahasha yake mkononi.

Kada ya juu kupata zaidi si tatizo. Mwongozaji ana leseni, ana dhamana ya uhai wenu, na ndiye anayeamua nani ageuke anapoona dalili za maradhi ya mwinuko. Mpagazi anayepanda nanyi hadi kileleni usiku ule wa mwisho naye anastahili nyongeza. Jambo la msingi ni kwamba tofauti hiyo ijulikane na wote.

Viatu, soksi na makoti mnayoweza kuwaachia ni zawadi njema, lakini visihesabiwe kama bakshishi. Mpagazi hawezi kulipa ada ya shule kwa koti. Yagawiwe kwa kura, ili wasipate wale tu walio karibu na mwongozaji.

Fedha gani?

Hapa mfanyabiashara wa mpakani ana la kumfundisha mtalii. Shilingi ya Uganda, faranga ya Rwanda au ya Burundi ikitolewa Moshi, anayeipokea atakatwa sana kuibadilisha, na sarafu hazibadilishiki kabisa. Noti za dola zilizochakaa, zilizochorwa au za matoleo ya zamani hukataliwa au hupunguzwa thamani. Aidha, kanuni zilizotangazwa nchini Tanzania Machi 2025 zinakataza bei na malipo ya ndani kufanywa kwa fedha za kigeni. Njia iliyo safi ni kubadilisha fungu zima benki au kwenye duka la fedha lenye leseni mnapofika Moshi au Arusha, kwa bei ya siku hiyo, na kuchukua shilingi za Tanzania katika noti zinazogawanyika. Bahasha 16 hazijazwi kwa noti za 10,000 peke yake.

Pesa kwa simu ina faida ya kuacha ushahidi, lakini ikitumwa yote kwa namba ya mtu mmoja, ni bahasha ile ile katika vazi jipya. Kama mnatuma, tumeni kwa namba ya kila mmoja na mwongeze ada ya kutolea.

Milima mingine

Utaratibu huu haufai Kilimanjaro tu. Mlima Kenya, ambako wengi huishia kilele cha Lenana chenye mita 4,985, una wapagazi wanaotegemea msimu vivyo hivyo. Rwenzori, wenye kilele cha Margherita cha mita 5,109 kwenye mpaka wa Uganda na Kongo, una matope ambayo humfanya kila mtu avae gambuti, na mpagazi wa huko, mara nyingi Mkonzo wa Kasese, hubeba mzigo wake juu ya magogo na mizizi inayoteleza. Mlima Elgon una njia za pande zote mbili, Kenya na Uganda. Viwango vya fedha hutofautiana kati ya mlima na mlima, hivyo ulizeni wenyeji na kampuni zaidi ya moja kabla ya safari. Orodha, hesabu na kutaja kiasi mbele ya wote hakubadiliki.

Kwenye msitu wa Bwindi na Hifadhi ya Volkano kule Rwanda, wanakotazamwa sokwe, wabeba mizigo hukodiwa kwa siku moja. Fedha ya kuwakodi ni ujira wao, si bakshishi. Anayemshika mtu mkono kwenye mteremko tangu asubuhi hadi alasiri anastahili nyongeza juu yake, apewe mwenyewe.

Kabla ya kusaini

Mhazini wa kikundi anayekwenda kuzungumza na kampuni abebe maswali matano. Mpagazi analipwa kiasi gani kwa siku, na analipwa ndani ya siku ngapi baada ya kushuka? Msafara wetu utakuwa na wafanyakazi wangapi, na kila mmoja ana kazi gani? Wapagazi wanakula mara ngapi kwa siku, na wanalala kwenye hema gani? Nani hupima mizigo baada ya geti? Je, mnaturuhusu kumkabidhi kila mfanyakazi bakshishi yake mkononi mbele ya wenzake?

Swali la tano ndilo lenye uzito kuliko yote. Kampuni ikijibu kwamba hairuhusu, chukueni fedha zenu mtafute nyingine. Moshi kampuni ni nyingi, na wafanyabiashara wanajua namna ya kuhama duka.